Kiti Moja ku Kilio

Kazi mbili, 4 mwezi ya sita

Tangu asubui nachagua biazi ya Masereka. Ya kuuza huku, ya kuoza kule. Mugongo inauma. Biashara iko muzuri.

Mangaribi, mukutano ya bamama ba shirika. Tulipaswa kupanga siku ya kufagia kanisa. Tukamaliza saa nzima juu ya kifuniko ya sufuria: nani aliirudisha, nani aliikunja. Bitu bya bure-bure! Mama moja hata akalia. Nilibaambia wazi: hii ni betise, mambo ya batoto, roho ndogo. Mimi njo présidente, sizungushe maneno. Bakanyamaza. Ninapenda bakinyamaza.

Kazi ine, 6 mwezi ya sita

Mama ya Soki amekufa kule Beni. Soki ni mwenzetu wa shirika, anashonaka manguo ku avenue ya nyuma. Maiti italetwa kesho kutwa, siku ya posho, tutaizika hapa Bulengera. Nilimukuta Soki amekaa chini, haongee, halie. Nimeumia juu yake.

Ku kilio, mutu akifiwa, kazi ya bamama inajulikana. Kuni, maji, maharagi, na kuimba mpaka kaburini. Bila ile, mutu anazikwa sawa mbuzi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Jibu ya bote moja: kama Mama Kahindo anaenda, tunaenda. Yeye njo anaanzishaka nyimbo.

Na Kahindo, hapana. Sababu? Kiti! Mwaka jana, ku kilio ya bwana yake Kahindo, sisi bote tulikaa chini ku mikeka. Soki akavuta kiti ya plastiki, akakaa, muguu juu ya muguu. Basi. Hakuiba. Hakutukana mutu. Kiti.

Nimekasirika sana. Kama ni kiti, tuzike kiti!

Kazi tano, 7 mwezi ya sita

Asubui, kwa Kahindo. Nilijua nitamushinda. Hapa Bulengera sijaona mama wa kunishinda mudomo. Nikaanza: dada yangu, bitu bya bure hivi...

Hakupandisha sauti. Alisema: «Mama Présidente, nililala chini siku tatu. Nikifungua macho, naona biatu byake. Pale, karibu na kichwa yangu. Wewe ulikuwa unaona nini?»

Mimi nilikuwa naona sufuria. Nilikuwa napika. Mimi, niliondoka na haya!

Moja kwa moja kwa Soki. Nikamuuliza: ile siku, kiti ilikuwa ya nini? Nilitumaini atasema mugongo, miguu, ugonjwa fulani. Hapana. Alikuwa amevaa kikwembe ipya, kitenge ya bei, akaogopa itachafuka. Alisema vile akiangalia ukuta. Kikwembe! Kama hangekuwa mufiwa, ningemupiga kofi. Lakini hakudanganya. Ile nimeipenda.

Mufiwa hatokake mu kilio kwenda kuomba musamaha. Basi nilirudia mimi kwa Kahindo, nikamuelezea vile iko: ni kikwembe, hakuna ingine. Akafunga mulango pole pole.

Ninaogopa kesho. Nawaza mama yangu kule Masereka. Amezeeka. Nani atamuimbia?

Siku ya posho, 8 mwezi ya sita

Gari ya Beni ilichelewa. Njia ilikuwa imefungwa asubui. Nilifika kwa Soki na fungu ya kuni ku kichwa, mwanamuke peke yangu kati ya banaume. Bamama ba shirika bamesimama ngambo ya barabara, mikono kiunoni, banaangalia. Kama bako ku sinema! Maiti ikaingia. Hakuna mutu anaimba.

Nikaanzisha wimbo. Sauti yangu iko sawa mulango bila mafuta, najua. Kidole moja haivunje chawa, najua ile pia. Niliimba tu. Hasira ilinisaidia.

Ku ubeti ya pili, Kahindo akaingia. Kiti ya plastiki ku kichwa.

Haki ya Mungu! Akaitua katikati ya mikeka, karibu kabisa na Soki, akakaa. Muguu juu ya muguu. Soki chini, biatu bya Kahindo mbele ya uso yake. Nikasema mu roho: leo tutapigana mbele ya maiti.

Soki aliangalia bile biatu. Aliangalia sana. Kisha akashika muguu ya Kahindo na mikono yote mbili, akaweka kichwa pale, akalia. Ya kwanza tangu mama yake afe. Alilia kwa sauti, kamasi na yote, mpaka soksi ya Kahindo ikalowana.

Kahindo akainua macho ku mabati. Hakuvuta muguu. Kisha akaninyanganya wimbo, akaipandisha juu, kule mimi sifikake. Bamama ba barabarani bakaingia mbio, kila moja na kuni yake. Nikalia na mimi.

Aliimba ku kiti ile mpaka tulipobeba sanduku. Kushuka, hapana, hakushuka. Kahindo ni Kahindo.

Siku ya yenga, 9 mwezi ya sita

Mvua. Nimechoka. Sauti imepotea.

Baada ya misa nilimupigia mama simu, kule Masereka. Akauliza kilio ilikuwa aje. Nikasema: muzuri. Haikumutosha. Nani alichota maji? Maharagi iliiva? Bamama balikaa wapi? Nilimujibu kimoja kimoja, polepole, juu masikio yake inaanza kuzimika.

Kisha akasema, siku ya kilio yake mwenyewe, nisipike. Nikae chini, karibu yake.

Nikasema ndiyo, mama.