Msafiri wa Kwenye Simu Yangu

Wodi ya Kifua,
Mbeya.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Sosthenes,

Kamwene. Habari za huko Geita, na kazi ya mgodini? Wifi Gloria mgongo umepoa? Na Dastan, bado analia akipelekwa shule? Mimi naendelea kupata nafuu. Kikohozi kimepungua sana na mwili unaanza kurudi. Kinachonisumbua ni baridi tu, maana madirisha yetu hayafungwi, ndiyo masharti ya wodi hii, na asubuhi ukungu unaingia mpaka kitandani.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu swali lako la juzi lilinikaa moyoni, na jibu lake halienei kwenye meseji. Uliniuliza, kwa upole kama kawaida yako, kama ni kweli shangazi Tekla alinikuta nacheza gemu kwenye simu kama mtoto, badala ya kusali. Ni kweli, kaka. Kusali nasali pia, ila hakunikuta kwenye hilo.

Gemu yenyewe niliikuta humu kwenye simu niliyonunua kwa mtu pale Iringa, kabla sijaugua. Kuna msafiri, mwanamke amejitanda blanketi, ana fimbo mkononi. Nchi yote mbele yake imefunikwa na wingu. Hapigani na mtu. Anatembea tu, na pale anapokanyaga wingu linaondoka, unaona kilichokuwa kimejificha: kisima, nyumba iliyohamwa na chungu bado kiko mafigani, kinjia kinachopotelea porini. Hakuna anayekuambia uende wapi.

Wewe hujawahi kulazwa muda mrefu, na Mungu akuepushie. Humu ndani hakuna kona nisiyoijua. Najua rangi ya ukuta ilipobanduka. Najua uji utakuwaje kabla haujaletwa, na kila muuguzi namjua kwa mlio wa viatu vyake. Mama alikuja mara moja, magoti hayamruhusu kukaa kwenye basi kutoka Iringa. Wateja wangu wa saluni walikuwa wanapiga simu mwanzoni, halafu wakachoka. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anapata mahali ambapo hajui mbele kuna nini! Nilikuwa naamka na hamu ya kitu.

Chumba cha jirani alikuwapo Mama Yudith, mfanyabiashara wa mchele wa Chimala, mtu mzima, rika la mama. Tulikuwa tunaota jua kwenye benchi la veranda, kila mmoja na barakoa yake. Siku moja akachungulia simu yangu.

“Huyo dada anakwenda wapi?”

“Sijui, mama. Hata yeye hajui.”

“Basi mpitishe kulia. Kushoto naona majabali, atavunjika mguu.”

Tangu hapo ikawa safari yetu wawili. Kidole changu, macho yake. Alikuwa anamsemesha yule msafiri kama binti yake wa kumzaa, anamkanya asinywe maji yaliyotuama. Tukigundua kitu anapiga makofi mpaka muuguzi anatoka kuangalia kumetokea nini.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama halijui. Kuna wakati dawa zilinishinda. Nilikuwa natapika kila nikimeza, masikio yanavuma, mikono inatetemeka. Nikasema bora nikafie kwetu. Nikakunja khanga zangu, nikatia kila kitu kwenye begi, nikatoka zangu kuelekea getini. Mama Yudith alikuwa kwenye benchi. Hakumwita muuguzi, wala hakunihubiria. Alilitazama begi, akaniuliza:

“Unaondoka? Na ule mlima tunauacha hivyo hivyo?”

“Mama, mimi naumwa, wewe unaniambia habari za gemu?”

“Jana ulisema leo tunaupanda. Mimi nimeota jua hapa nakungoja. Kaa, tuone huko nyuma kuna nini, halafu uende.”

Nilikasirika, kaka, halafu nikalia. Nikakaa. Tukapanda. Kule juu wingu lilipofunguka tukaona ziwa kubwa, na ng’ambo ya ziwa mlima mwingine mrefu kuliko ule.

“Kumbe kuna mwingine!” akasema, akapiga makofi. “Basi huondoki leo wala kesho.”

Jioni nilimeza dawa zangu. Nimezimeza mpaka leo.

Mwezi uliopita Mama Yudith aliruhusiwa. Wanawe walikuja kumchukua na gari la kukodi. Alipofika uani akavua barakoa, ndipo kwa mara ya kwanza nikauona uso wake wote. Ana mwanya, na kidevu chenye kishimo. Muda wote ule sikuwa naujua mdomo wa mtu aliyenizuia nisife.

Nimempigia simu. Alipokea Yudith, akasema mama yuko shambani, atamwambia. Hajapiga. Simlaumu, aliyetoka humu hatamani kugeuka nyuma.

Niliendelea na safari peke yangu. Juzi nikafika bonde ambalo ndege weupe waliruka wote kwa pamoja, mpaka anga ya kwenye kioo ikawa nyeupe. Nikageuka kusema, “Mama, ona!” Benchi tupu. Nikaizima simu, nikajifunika blanketi mchana kweupe. Kugundua kitu halafu huna wa kumwambia, kaka, ni sawa na kusonga ugali wa watu wengi ukaula peke yako.

Sina haja ya hela, usitume. Ninachokuomba ni hiki. Sasa nimesimama kwenye daraja la kamba, upande wa pili ni wingu tupu. Sijavuka. Jumapili ukitoka misani nipigie, ukae kwenye simu. Nitavuka taratibu, nikikuambia kila ninachokiona, na wewe uniambie nipite wapi.

Nisalimie wifi na Dastan, na kaka Adrian ukiwasiliana naye. Mungu akutangulie kila unaposhuka chini ya ardhi, na akupandishe mzima kwenye mwanga.

Mdogo wako akupendaye, anayengoja simu yako,

Rozalia