Mama, Sasa Kuchanganya Hakuna Ubaya

Mama yangu uliyelala Kakamega,

Nimekasirika, na hasira zangu nimezoea kukuletea wewe.

Unakumbuka jikoni kwetu Kaptembwo? Hukupika mboga ya aina moja hata siku moja. Mrenda lazima ukutane na kunde, kunde nazo zikutane na mitoo. Jirani akakuuliza, "Kwani huwezi pika sukuma peke yake?" Ukamjibu, "Mboga moja ni ya mvivu." Tukacheka hadi sufuria ikaungua.

Korona ilitushika sote wawili. Tulipona, ila wewe ulibaki na pumzi fupi. Chanjo ilipofika uliniburuta hadi kwenye foleni, na kitambaa chako cha kanisa kichwani. Tukadungwa ya kwanza. Tulipoiendea ya pili, aina yetu ilikuwa imeisha. Aina nyingine ilikuwa pale mezani, tunaiona.

"Si mnipe hiyo?" ukauliza.

"Hapana mathe, hatuchanganyi. Rudi yenu ikikuja," muuguzi akakujibu.

Ukarudi. Ukarudi tena. Wewe, wa kuchanganya kila kitu, ukalitii neno hilo, na wimbi lililofuata likakukuta ungali unangoja.

Mimi walinidunga hiyo nyingine baada ya matanga yako. Hakuna aliyenieleza kuchanganya kuliacha lini kuwa kosa.

Wiki jana waliniita hospitalini wakanitoa damu. Wanapima kinga ya watu waliougua kisha wakachanjwa aina mbili tofauti. Daktari, kijana mpole, alinieleza kuwa mwili uliowahi kupigana na Korona huamka haraka ukichanjwa, na kuchanganya aina huweza kuuongezea nguvu. Akasema pia kinga hushuka na muda, na haimwokoi kila mtu. Nimemwelewa. Sisemi sindano ile ingekuokoa, Mama. Nasema ilikuwa mezani! Kama hawakujua, si wangesema hawajui? Walitufukuza kwa sauti ya watu wanaojua, na hiyo ndiyo inayonichoma.

Akinibandika pamba, kijana akauliza, "Mathe, kwenu hakuna mtu aliugua, halafu akapata sindano moja tu? Hao ndio tunatafuta sana."

Nikamwambia, "Alikuwepo. Mlimwambia arudi."

Wewe pumzika, Mama. Mimi bado sijanyamaza.

Kitinda mimba wako