Karatasi Kumi na Moja Zilizoandikwa "Fundi"

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana tangu Jumapili sahani ya chakula nairudisha jikoni kama ilivyo. Mimi ni katibu wa tawi la chama chetu, na Jumapili tulipiga kura za maoni kumpata mgombea udiwani, wagombea walikuwa wawili tu, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, na fundi bomba wa mtaa wa pili, kila mwanachama akapewa kikaratasi kitupu aandike jina la anayemtaka, mimi nikawa msomaji. Sasa mshauri, karatasi kumi na moja zilikuwa zimeandikwa "Fundi" basi, bila jina, na kwetu nyumbani Fundi ni mmoja, hata watoto wanamwita Baba Mdogo Fundi, kwa hiyo ile ya kwanza nikasoma jina kamili la shemeji kwa mazoea tu, nakuapia, ya pili na ya tatu hivyo hivyo, ila kwenye ya nne nikakumbuka kwamba fundi bomba naye mtaani anaitwa Fundi, nikainua macho nikamwona shemeji anafuta jasho, nikaendelea kusoma jina lake mpaka mwisho. Wakala wa fundi bomba alikuwa anaandika tu ninachotamka. Shemeji akapata sitini na moja, mwenzake hamsini na nne, na fundi bomba akaja kunishika mkono, akasema, "Asante dada, umetusomea vizuri." Nilitamani ardhi ipasuke. Nimemweleza mume wangu, akaniambia, "Mama watoto, funga mdomo, unataka mdogo wangu aniulize nimeoa nani?" Karatasi ziko kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kabatini ofisini, Ijumaa naipeleka wilayani pamoja na matokeo, naogopa wakiifungua, na naogopa zaidi wasipoifungua. Nifanye nini?

Katibu mwenye hofu

Katibu, pole. Kumnyima kura shemeji mbele ya ukumbi mzima si jambo dogo. Lakini usinizungushe. Unaandika kama mtu aliyeteleza, na kweli uliteleza, mara tatu. Kuanzia ile ya nne ulikuwa unatembea kwa miguu yako mwenyewe, na hizo nane ndizo zinazokunyima chakula. Toa zote kumi na moja, shemeji anabaki na hamsini. Hesabu hiyo unaijua, ndiyo maana hukuiandika.

Bahasha usiiguse. Ukiifungua peke yako, hakuna atakayekuamini tena. Leo hii, si Alhamisi, nenda kwa mwenyekiti wa tawi, mwombe awaite wagombea wote wawili na mawakala wao, useme ulichofanya kama ulivyonieleza mimi, na ile ya nne uitaje. Omba kura irudiwe kwa majina kamili, na asome mtu mwingine. Ukatibu huenda ukakutoka, uuache.

Mumeo usimwombe ruhusa, mpe taarifa. Atanuna, na shemeji atasusa kuja kwenu miezi miwili mitatu. Watapoa. Ila huyo shemeji unayedhani umemsaidia, mpaka leo hajui kama wanachama walimtaka yeye, na wewe ndiye uliyemnyima kujua.