Papa, Sasa Tumefika Wakati Uliopita

Papa, baba yangu,

Jumamosi Masera Luchia, yule mtawa Mwitaliano wa misioni, alinifundisha wakati uliopita wa Kiitaliano. Nilikuwa napiga pasi vitambaa vya altare, yeye akisoma vitenzi kwa sauti, mimi nikirudia. Vitenzi vingi vinakwenda pamoja na "kuwa na": ho mangiato, nimekula. Lakini kwenda, kuzaliwa na kufa vinakwenda pamoja na "kuwa". È morto, amekufa. Nililisema bila kosa, kisha nikasahau pasi juu ya kitambaa mpaka kikaungua. Masera hakunigombeza.

Wiki saba sasa tangu utuache. Kifua kilikushika Jumatatu, na Ijumaa tulikuwa tumekwisha kukuzika. Mama anakwenda shambani peke yake. Akirudi anaita jina lako mlangoni, halafu anatua jembe.

Nakumbuka ulivyokwenda misioni, kofia mkononi, kumwomba Masera anifundishe lugha yake, ili nimwandikie mke wa Pietro. Pietro, yule mateka Mwitaliano uliyemlinda njiani mlipotoka vitani Abisinia, na homa ikamwua mikononi mwako. Masera alisema barua hiyo angeweza kuiandika yeye mwenyewe siku ile ile. Ukakataa. "Hapana, Masera. Habari ya kifo haipitiake ku mukono ya muntu wa pembeni. Mimi njo nilimuzika. Itoke mu nyumba yangu."

Nyumba yako ilikuwa mimi, Papa. Na mimi nilikuchelewesha.

Siku ile mvua ilitufungia jikoni. Ulikuwa unachagua mbegu za maharagwe, ukaanza: "Andika, mwanangu. Tulifika ku muto…" Nikafunga daftari. Nikakuambia ungoje, tuko bado kwenye wakati uliopo, sijui kuandika mambo yaliyokwisha kupita. Ulicheka mpaka mbegu zikamwagika. "Sasa huyu Pietro wangu atakufa leo ao kesho? Alishakufaka zamani! Kiitaliano yako inatembea sawa kinyonga." Kisha ukainama kuokota mbegu. "Iko neno moja alituma kwa mutoto yake. Ile nitakuambia ya mwisho."

Ningaliweza kuliandika kwa Kiswahili. Mtoto wa darasa la kwanza angewaza hivyo. Mimi nilitaka kufuata somo kwa mpango wake, jinsi nilivyofundishwa, na wewe ukaniheshimu, ukangoja.

Nimejaribu, Papa. Mjomba alinisindikiza mpaka Kashebere kwa kaporali wako wa zamani. Alitupa ndizi za kuchoma, akalia aliposikia habari zako. Lakini nilipomwuliza juu ya Pietro, alitikisa kichwa. "Muto gani, mutoto? Mito tulivuka, nani alihesabu? Baba yako alibakia nyuma na ule muzungu wake, alimubeba ku mugongo. Tulimuchekelea: 'Sasa mateka njo nani hapa?' Wakati alitufikia, alikuwa peke yake." Zaidi ya hayo hakujua. Nilirudi siku mbili kwa miguu.

Mama anasema: "Andika tu kama alimupenda. Baba gani hapendi mutoto yake?" Niliandika. Kiitaliano cha maneno hayo ni chepesi na Masera hakuona kosa. Lakini usiku uliofuata sikulala vizuri, kwa maana neno lile lilikuwa langu, si la Pietro. Labda alimtumia mtoto jina la ng'ombe wao. Labda alimwomba radhi. Asubuhi nilifuta, karatasi ikatoboka, ikanibidi kuanza upya.

Sasa barua ni fupi sana. Nimeandika kwamba Pietro amekufa kwa homa, kwamba hakuwa peke yake, kwamba mtu mmoja alimbeba na kumzika kwa mikono yake. Nimeandika kwamba mto siujui, na kwamba kulikuwa na neno kwa mtoto, nami nimelipoteza. Masera aliniuliza kama ni lazima kuandika hilo la mwisho. Nikamwambia ni lazima.

Chini nilibaki na nafasi nyeupe, na sikuwa na jambo jingine ninalolijua kwa hakika. Basi nikaeleza mahali unapolala wewe. Masisi, kwenye mteremko juu ya chemchemi, mawe matatu upande wa kichwa, uso umeelekea barabara ya Walikale. Nimeandika kwamba neno la Pietro liko hapo.

Barua itashuka Goma na gari la misioni. Sijui kama mama yule yuko hai, wala kama mtoto, ambaye bila shaka ananizidi umri, atataka kujua.

Pumzika, Papa. Sina nguvu ya kulirudisha lililopotea. Lakini nakuahidi: siku yule mtoto akija, nitamwongoza mimi mwenyewe mpaka hapo ulipo, halafu nitasogea kando, niwaache ninyi wawili.

Binti yako,
Furaha