Kiti cha Hamidou

Baba Hamidou,

Nimeshuka Moroni kumpelekea mwanetu Hamidou chakula gerezani. Wali wa wajukuu umo chunguni. Saandia usimpe pilipili, tumbo bado linamsumbua.

Yule mamluki alipoomba maji asubuhi, ungempa maji aende zake. Wewe ukamkalisha kwenye kiti cha Hamidou, ukamtilia na kahawa, na ni wenzake waliomchukua mwanao! Eti mgeni hafukuzwi.

Nyumba hii ni yangu, nilijengewa na baba. ~~Kusanya nguo zako urudi kwa dada yako.~~ Ngoja kwanza likizo iishe, watoto waondoke.

Kiti nimekisugua kwa sabuni. Saandia ameniuliza, “Kiti cha baba kimepewa mtu, kwani baba harudi tena?” Nimemwambia akuulize wewe.

Bibi yao