Kudukiza Si Kupeleleza

Alhamisi, Meru mjini. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi imeingia hadi mifupani.

Nimekosea, na aliyebebeshwa kosa langu ni mtu mwingine.

Tangu Hali ya Hatari itangazwe, ofisi ya Bwana DO, mzungu mkuu wa tarafa, huniita nikafasiri kila wanapoleta wanawake wa kuhojiwa. Mimi ni binti wa mfanyabiashara Mwislamu. Kiswahili ni cha nyumbani kwetu, Kimeru nimekiokota dukani kwa baba. Jana aliletwa Kathambi, mkulima wa ndizi kutoka Mitunguu. Homgadi, mgambo wa serikali, walimkuta amejibanza nyuma ya kibanda chao, sikio ukutani. Alieleza kwa Kimeru bila kuficha: alitaka kusikia mwanawe aliyekamatwa amepelekwa kambi gani ya kizuizini.

Karani akaniuliza, "Anasema alikuwa anafanya nini hapo?"

Nikajibu haraka, "Alikuwa akipeleleza."

Neno lilinitoka tu. Nilikuwa na njaa, nataka kwenda nyumbani. Karani akaliandika, na Kathambi akarudishwa korokoroni kungoja lori la kizuizini. Hakujua nimesema nini. Hata alinishukuru.

Jioni nilikuwa naosha vyombo neno liliponirudia. Anayedukiza ametega sikio kwa haja yake. Akishasikia, anaondoka na alichosikia moyoni. Anayepeleleza ametumwa. Kuna mtu anamngoja, na siku hizi kila mtu anajua huyo mtu anadhaniwa yuko wapi. Msituni, kwa wapiganaji.

Leo asubuhi nilikwenda ofisini bila kuitwa. Karani alicheka.

"Dada, hiyo si ni kitu moja? Kusikia ni kusikia."

"Si kitu kimoja. Wewe ukitega sikio jirani akigombana na mkewe, umetumwa na nani?"

Akaacha kucheka. "Ukibadilisha, watasema umehongwa. Watakufunga pamoja na yeye."

"Basi wanifunge."

Nikaingia kwa Bwana DO mwenyewe, nikamweleza kosa langu. Aliniuliza mara tatu kama nina undugu na yule mama. Mara tatu nikasema sina. Mwishowe akaagiza aletwe, ahojiwe upya. Safari hii nilifasiri neno kwa neno, na nisichokielewa nilimwuliza. Kisha nikatia sahihi chini ya maelezo: kosa lilikuwa la mkalimani.

Lori liliondoka saa nane bila yeye. Atarudi Mitunguu, achimbe mitaro mwezi mzima kwa adhabu. Habari za mwanawe hakuambiwa.

Mimi nimeambiwa nisije tena mpaka niitwe. Sidhani kama nitaitwa.

Sijutii.

Jumamosi kaka yangu anapeleka mizigo Embu, ambako kuna kambi ya kizuizini. Kesho naomba pasi ya kusafiri, nifuatane naye. Jina la kijana wa Kathambi ninalo. Nitasimama langoni mwa kambi mchana kweupe, niliulizie kwa sauti, kila aliye karibu asikie.