Ndoo Imerudi na Nyoka Wake

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika saa sita, na nguo zangu kwa kamba bado zinadondosha maji.

Na wewe unayesoma, ulikuwa wapi? Tumepanda mahindi, tumepalilia mara mbili, na hujatia mguu hapa. Ukisikia kuna matanga unakuja mbio na sufuria kichwani, unalia kuliko wenye maiti. Lakini kuja tu kuona kama mwanamke mzee bado anapumua, hiyo imekuwa kazi ngumu. Kaa chini. Nimekasirika lakini chai ipo.

Kwa mgeni: mimi sikusoma. Naongea, simu inaandika. Ukiona makosa, gombana na simu. Naishi nyuma ya Kanduyi, kwa shamba dogo aliloniachia mume wangu, mzee Wafula. Kazi yangu ni kutoa nyoka kwenye nyumba za watu na kuwapeleka mahali ambapo hawatapigwa mawe. Wengine huniita mchawi. Hao hao ndio wa kwanza kupiga simu nyoka akiingia jikoni.

Leo sina la kujisifia.

Jumatatu Mama Hetal alinipigia. Yeye na mume wake wana duka la vifaa vya ujenzi Bungoma mjini, Wahindi wa kuzaliwa hapa hapa, Kibukusu anakijua kuliko wajukuu wangu. Kifutu alikuwa amelala stoo, nyuma ya waya za seng'enge. Kifutu, kwa asiyemjua, ni yule nyoka mnene, mfupi, wa rangi ya majani makavu. Hakimbii. Anangoja umkanyage.

Nilikuta wafanyakazi wameshika vyuma, na Mama Hetal amesimama mlangoni, mikono ameitandaza kama anazuia ng'ombe.

"Hakuna mtu ataua hapa mpaka Kukhu afike!"

Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu. Basi Kukhu nikafika, nikamsukuma kifutu taratibu kwa fimbo yangu ya ndoano mpaka akaingia kwenye ndoo ya rangi, ile kubwa. Kifuniko chake nilikitoboa matundu kwa msumari wa moto. Kabla ya kufunika nikafanya ninachofanya kila mara: nikampaka tone la rangi ya kucha karibu na mkia, nyekundu. Brashi nimeifunga kwenye kijiti kirefu. Uzee si ujinga.

Alama hiyo niliianza kwa majivuno. Nilitaka kujua kama nyoka ninayempeleka mbali anarudi. Rangi hukaa mpaka ajivue gamba. Hakuna aliyewahi kurudi na tone langu, nami nikawaambia hapa, mnakumbuka, kwamba kazi yangu ni safi.

Sikuwahi kujiuliza wanaenda wapi.

Jumanne nikampeleka kule ninakowapeleka siku zote, mlimani juu ya Cheptais, penye mawe na vichaka. Kijana wa bodaboda hakuacha kugeuka.

"Kukhu, kwa ndoo kuna nini?"

"Mgonjwa. Endesha polepole."

"Mgonjwa wa kuingia ndoo, bana?"

"Uliza tena nikufunulie."

Hakuuliza tena. Tukafika. Vichaka hakuna. Mahindi yamepanda mpaka kwenye mawe, na kati ya mawe kuna viazi. Nilikuwa sijafika huko tangu kabla ya mvua. Watu wamezaa, watoto wanataka kula, mlima haujaongezeka. Nimlaumu nani?

Kwenye ua wa waya alisimama mwanamke anaitwa Mama Cherop. Tunajuana kwa salamu tu, napita kwake nikipanda na nikishuka. Kando yake, juu ya waya, palikuwa na kifutu amekufa, ameanza kukauka.

"Mama, njoo uangalie kitu."

Akachukua kijiti, akaugeuza ule mkia.

"Huyu alipakwa rangi saluni gani?"

Tone langu. Jekundu, zuri, halijapauka hata kidogo.

Mtamba wake aliumwa mdomoni akila majani. Alikaa siku mbili amevimba uso, hawezi kumeza, kisha akalala asiamke. Alikuwa na mimba. Mama Cherop alikuwa ameshamwahidi mtoto wake maziwa ya ng'ombe wao wenyewe. Alinieleza hayo yote bila kupandisha sauti, kisha akaangalia ndoo yangu.

"Na huyo? Ndiye umeniletea badala ya ng'ombe?"

Nilitaka kusema ndoo ni tupu.

"Kama ni wazuri hivyo, Mama, si ukae nao wewe?"

Angenitukana ningeshukuru. Badala yake akaniuliza kama nimekula. Nikaketi kwenye jiwe lake nikala viazi vya mwanamke ambaye nimemuulia mtamba, na vilikuwa vitamu. Nilimwambia pole. Hilo neno ni dogo sana, sijui nani alilitengeneza dogo hivyo.

Nikashuka na ndoo yangu.

Jumatano nilizunguka huku chini. Shimo la mawe nyuma ya Kanduyi, nilipokuwa nikiwaacha mzee akiwa hai, sasa ni nyumba za kupangisha, na kamba zimejaa nguo za watoto wachanga. Kando ya mto kuna majani ya ng'ombe na wachoma matofali. Nilimpigia hata kijana mmoja wa mambo ya wanyamapori. Alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza, "Kukhu, wewe mwenyewe ungempeleka wapi?" Hakuwa ananicheka. Alikuwa anauliza kweli. Pesa ya simu ikaisha hapo.

Jana hiyo hiyo nilikaa na ndoo miguuni nikaona kazi yangu ilivyo. Simu zote hunijia kutoka nyumba zenye geti na sakafu ya saruji. Nyoka wote nimewapeleka kwa watu wasio na geti, watoto wao wanachunga pekupeku. Nimekuwa nikibeba hofu ya mwenye simu nampelekea asiye na simu, na nikirudi nashukuriwa kwa sukari na majani ya chai. Chai hiyo unayokunywa, ndiyo hiyo.

Kuua siwezi. Nilipoolewa nilimwona mama mkwe wangu akimponda nyoka wa kula vyura, mwembamba kama kamba ya viatu, na aliendelea kuponda hata baada ya kufa. Kile kichwa kidogo kilifungua na kufunga mdomo muda mrefu. Sikulala. Na msinione shujaa. Mimi pia naogopa nyoka.

Basi ikabaki mahali pamoja.

Nyuma ya ghala langu kuna kaburi la Wafula. Shamba lote nimelilima mpaka ukingoni, lakini pale hakuna mtu anayetaka kupeleka jembe, kwa hivyo pameota miiba na vichaka mpaka huwezi kuona mawe. Panya wa ghala wanapita hapo mchana wakijua ni kwao. Ni msitu wa hatua kumi kwa hatua kumi. Ndio tulio nao.

Leo asubuhi nilimpigia binti yangu Nafula, yuko Kitale, nikamwambia ninachotaka kufanya. Watoto wake watatu huja kwangu kila likizo ya Agosti.

"Mama, umechoka akili? Watoto wangu wacheze na kifutu?"

"Watoto wa Mama Cherop wanacheza na nani?"

"Hao siwajui! Mimi nakuuliza wajukuu wako."

"Hata mimi sikuwajua."

"Basi chagua. Ni hawa ama ni nyoka."

Nikamwambia nitaweka ua wa matete, nitafyeka njia yote hadi mlangoni iwe wazi, watoto sitawaacha peke yao hata dakika. Akakata simu. Ana haki. Mama asiyekata simu hapo si mama. Nimempigia tena mara mbili, inalia tu.

Mvua ilipokatika nilienda. Nililaza ndoo ubavu, nikafungua kifuniko kwa fimbo, nikarudi nyuma. Alikaa ndani muda, hajui kama ametoka. Kisha akavuta tumbo lake polepole juu ya majani yaliyolowa, akafoka mara moja, na kile kitone chekundu kikawa cha mwisho kuingia kichakani. Sikumfuta. Akimdhuru mtu, ijulikane ni wangu.

Nikamwambia Wafula, nimekuletea mgeni. Hakunijibu, wala hakuwa akinijibu sana alipokuwa hai.

Sijaokoa kitu. Nimempa siku chache tu. Agosti nyumba hii itakuwa kimya, na nimeshaweka kando mahindi mabichi ya kuchoma, ya nani sijui. Mama Hetal alipiga jioni kunishukuru. Nimemwambia tu akiona mwingine asinipigie. Akasema, "Sasa hawa vijana na vyuma, niwaambie nini?"

Na kando ya Wafula ndipo mahali pangu. Palishapimwa. Siku yangu ikifika watakuja vijana na panga kwanza, wafyeke miiba yote, halafu majembe. Watamkuta hapo. Hajui kukimbia, nimeshakuambia.

Siku hiyo najua utakuja, matanga huwa hukosi. Sufuria iache nyumbani. Fika kabla ya wachimba kaburi, pitia nyuma ya ghala, tembea kwa kishindo, na uje na ndoo yenye kifuniko. Mahali pa kumpeleka anza kutafuta leo, kwa sababu mimi nimekosa.